Mashine ya gemu ya sarafu: namna ya kutoa gemu moja na kuweka nyingine

Wengi huanza na gemu wanayoitaka, kisha wakatafuta kabati la kuitia. Anza upande wa pili. Kabati ulilonalo ndilo linaloamua gemu: skrini yake, jinsi skrini hiyo ilivyolazwa, nafasi iliyopo kwenye paneli ya vitufe na aina ya umeme uliomo ndani. Ukichagua gemu inayolingana na hayo manne, kazi inayobaki ni ya nyaya na subira. Usipochagua hivyo, utaishia kukata mbao na kuharibu vitu visivyotengenezwa tena.

Kabati linakubali gemu gani

Fungua mlango wa nyuma, angalia skrini kwanza. Skrini za CRT (za tyubu nene ya kioo) ni za aina mbili. Ya kawaida huchora picha kwa mistari inayofuatana kutoka juu kwenda chini kama televisheni ya zamani, kwa takriban 15.7 kHz, na picha nzima hurudiwa mara 60 hivi kwa sekunde. Pac-Man (1980), Galaga (1981), Joust (1982) na Street Fighter II (1991) zote ni za skrini hii. Aina ya pili ni ya vekta, kama ile ya Asteroids (1979), ambapo mwale hupelekwa moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta bila mistari yoyote. Gemu ya aina moja haionekani kwenye skrini ya aina nyingine, na hakuna waya wala adapta rahisi itakayolitatua hilo. Kabati la vekta liache lilivyo, au litengeneze libaki na gemu yake.

Halafu tazama mkao. Pac-Man, Galaga na Donkey Kong zinataka skrini iliyosimama wima. Joust, Robotron na Street Fighter II zinataka iliyolala. Skrini nyingi za inchi 19 zinaweza kuzungushwa digrii 90, lakini pima kwanza: upana wa ndani wa kabati, mahali pa bolti za fremu, na urefu wa nyaya za picha na za umeme. Ikibidi kutoboa fremu ya chuma au kuchonga ubavu wa kabati, chagua gemu nyingine ya mkao uleule. Ziko nyingi.

Mwisho, vidhibiti. Robotron hutaka joistiki mbili kwa mchezaji mmoja, Centipede hutaka mpira wa kuviringisha kwa kiganja, na Street Fighter II vitufe 6 kwa kila mchezaji. Paneli nyembamba ya mchezaji mmoja haiwezi kubeba vitufe 12 na joistiki 2 bila viwiko kugongana.

Je, kabati lako linastahili kubadilishwa? Kama lina michoro yake yote ya awali, paneli yake na bodi yake (saketi inayobeba gemu yenyewe), jibu ni hapana, tafuta jingine. Kabati linalofaa zaidi ni lile lililokwisha kubadilishwa zamani, na yako tele, kwa sababu katika miaka ya 1980 wenye mashine walinunua vifurushi vya kubadilishia gemu mapato yalipopungua. Hata Donkey Kong ilianzia humo: Nintendo walikuwa na makabati ya Radar Scope yaliyododa Marekani, wakayatia gemu mpya. Utalitambua kabati la namna hii kwa vipande vya bati vilivyoziba matundu ya vitufe, rangi nyeusi iliyopakwa juu ya mchoro wa ubavuni, na nyaya za rangi mbili tofauti zilizounganishwa katikati kwa tepu.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Piga picha za ndani ukiwa mbali, kisha ukiwa karibu, kisha kila kiunganishi peke yake. Bandika lebo kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa.

Tyubu ya CRT ya rangi ya inchi 19 hufanya kazi kwa volti 20,000 hadi 25,000 hivi, na chaji inaweza kubaki ndani muda mrefu baada ya kuzimwa. Ukitaka kutoa skrini au kuizungusha, iondoe chaji hiyo kwanza. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzuri wa plastiki. Unganisha chuma cha bisibisi, kwa waya wenye klipu pande zote mbili, na ule waya wa kusukwa usio na ganda unaopita mgongoni mwa tyubu. Usiunganishe na graundi ya bodi ya gemu. Mkono mmoja weka nyuma ya mgongo wako. Kwa mkono wa pili ingiza ncha taratibu chini ya kikombe cha mpira kilicho juu ya tyubu hadi iguse chuma cha ndani. Unaweza kusikia mlio mfupi, unaweza usisikie. Subiri dakika chache urudie, kwa kuwa chaji hujirudisha kidogo yenyewe. Vaa miwani ya kinga, na usiishike kamwe shingo nyembamba ya nyuma: ikivunjika, hewa inaingia na tyubu imekufa.

Kapasita kubwa kwenye bodi ya skrini nazo hubaki na umeme hatari. Kwa asiyewahi kabisa kugusa CRT, ushauri wetu ni kuchagua gemu ya mkao uleule na kuiacha skrini mahali pake.

Vitu vya kuandaa

- Bodi ya gemu iliyojaribiwa, pamoja na karatasi ya mpangilio wa pini zake
- Shada la nyaya la JAMMA (mpangilio wa pamoja wa pini za bodi za gemu, umeelezwa chini) lenye kiunganishi cha pini 56
- Pawasapulai ya kuswichi yenye +5 V (ampea 10 hadi 15), +12 V na −5 V
- Joistiki na vitufe vyenye swichi zake, na viwili vya kuanzia mchezo
- Vidole vya kubana waya vya milimita 4.8 au 6.3, pima miguu ya swichi zako kwanza
- Waya wa milimita za mraba 0.75 au 1 kwa umeme, na wa 0.3 hivi kwa vitufe na picha
- Multimita, plaizi ya kubana vidole, pasi ya kulehemu, spiriti safi ya isopropili, ufutio mweupe
- Plaiwudi au MDF ya milimita 18 kwa paneli mpya

Kuhusu kununua bodi, neno moja. Baadhi ya bodi hutunza funguo za programu kwa betri. Za Capcom CPS-2 ndizo zinazojulikana zaidi: betri ikiisha, funguo hupotea na gemu haiwaki tena mpaka zirejeshwe. Uliza betri ilibadilishwa lini. Kwenye bodi zenye betri za kawaida za kutunza alama, angalia ukungu wa kijani kuzunguka betri. Majimaji yake hula njia za shaba. Chipu zenye kidirisha cha kioo juu hubeba programu ya gemu, na mwanga mkali wa jua unaweza kuifuta polepole, kwa hiyo kidirisha kilichoachwa wazi kizibe kwa stika.

Umeme

Makabati ya zamani hutumia transfoma kubwa chini. Usiitupe, na usikimbilie hata kuitoa, maana mara nyingi ndiyo pia inayoitenga skrini na umeme wa ukutani. Bodi za skrini nyingi za mashine hizi hazina utenganisho wao wenyewe. Ukiziunga moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, graundi ya picha itakutana na umeme wa ukutani kupitia bodi ya gemu, na hapo huunguza bodi na skrini kwa pamoja, mbali na hatari kwako. Soma pia lebo ya volti: kuna skrini za volti 100, za 120 na za 220 au zaidi. Acha skrini ipate umeme kutoka kwenye transfoma ileile iliyokuwa ikiilisha.

Pawasapulai mpya ifunge kwenye sakafu ya kabati au ubavuni, mahali penye hewa, baada ya fyuzi na swichi kuu. Waya wa ethi upite kwenye pawasapulai, fremu ya skrini, mlango wa sarafu na paneli ya vitufe kama ni ya chuma. Ethi ikikosekana, mchezaji atakuwa wa kwanza kujua.

Washa pawasapulai bila bodi na upime volti kwenye kiunganishi chenyewe, si kwenye skrubu za pawasapulai. Rekebisha +5 iwe karibu na 5.0. Utairekebisha tena bodi ikiwa imechomekwa, kwa sababu volti hushuka mzigo unapoingia.

Kiunganishi cha JAMMA, pini kwa pini

Mpango huu ulitoka Japani mwaka 1985, na ndio uliofanya kubadili gemu kuwe suala la kuchomoa bodi moja na kuchomeka nyingine. Kiunganishi kina pini 28 kila upande, kwa umbali wa milimita 3.96. Upande wa vipuri hupewa namba 1 hadi 28. Upande wa lehemu hupewa herufi A hadi f, zikirukwa G, I, O na Q.

- 1, 2, 27, 28 na A, B, e, f: graundi
- 3, 4 na C, D: +5 V
- 5 na E: −5 V
- 6 na F: +12 V
- 7 na H: pengo la kuzuia kuchomeka kinyume
- 8 na J: vihesabu vya sarafu, 9 na K: vizuizi vya sarafu
- 10: spika chanya; L: spika hasi
- 12 nyekundu, N kijani, 13 bluu, P ulandanishi (ishara inayopanga mistari ya picha), 14 graundi ya picha
- 15: jaribio, R: huduma, S: swichi ya kuinamisha kabati
- 16 na T: sarafu, 17 na U: kuanza mchezo
- 18, 19, 20, 21: mchezaji wa kwanza juu, chini, kushoto, kulia, V, W, X, Y: mchezaji wa pili
- 22, 23, 24 na Z, a, b: kitufe cha 1, 2 na 3

Hakikisha pengo la 7 na H lina kizuizi cha plastiki. Mashada mengi ya bei nafuu huja bila hicho, na bodi iliyochomekwa kinyume inaweza kuungua mara tu inapowashwa.

Tumia pini zote nne za +5 na zote nane za graundi. Pini moja ya kiunganishi hiki haifai kubebeshwa umeme wote wa bodi kubwa. Ikipata joto inalegea, ikilegea inapata joto zaidi, mpaka plastiki inabadilika rangi.

Spika hasi isiunganishwe na graundi. Bodi nyingi hazijali, lakini kuna zenye kikuza sauti ambacho miguu yake yote miwili ya kutolea ina umeme, na hizo ukizigusisha na graundi unaua chipu. Waya mbili kutoka 10 na L ziende kwenye spika ya ohmu 8 bila kugusana na kitu kingine.

Vitufe vya 4, 5 na 6 havimo katika mpango wa awali. Street Fighter II huvipitisha kwenye kiunganishi kidogo cha pembeni. Bodi nyingine hutumia 25 na c, hata 26 na d. Baadhi ya mashada huweka kitufe cha 6 kwenye 27 na e, ambazo kwa bodi za kawaida ni graundi. Ukichomeka bodi inayotumia pini hizo kwa kitufe cha 6 kwenye shada la kawaida, kitufe hicho kitaonekana kimebonyezwa muda wote. Haiunguzi kitu, ila inasumbua.

Gemu za kabla ya JAMMA

Hapa ndipo adapta inapohitajika: kiunganishi cha bodi ya zamani upande mmoja, vidole 56 vya shaba vya kuchomeka kwenye shada la JAMMA upande wa pili. Kuandika pini na kuzilehemu ni kazi nyepesi. Shida iko kwenye umeme na picha. Bodi ya Pac-Man hupokea umeme wa AC kutoka kwenye transfoma na kuugeuza kuwa volti 5 za DC juu ya bodi yenyewe, kwa hiyo adapta yake lazima iikwepe sehemu hiyo. Bodi zinazotumia chipu za kumbukumbu za 4116, kama za Joust na Robotron, zinahitaji −5 V kweli. Zikipata +12 bila −5, kumbukumbu hizo huharibika, basi pima −5 kabla ya kuchomeka.

Makabati ya Nintendo ya enzi ya Donkey Kong yana vituko vyake. Skrini yao ya Sanyo inatumia volti 100, inataka rangi zilizogeuzwa kinyume (palipo na giza pawe na volti kubwa), na ndiyo inayobeba kikuza sauti. Ukiweka bodi ya JAMMA humo utahitaji kigeuzi cha rangi, na spika uitoe kwenye skrini uiunge moja kwa moja na pini 10 na L.

Paneli ya vitufe

Paneli ya zamani ifungue, ifunge kwa gazeti, ihifadhi. Kata mpya yenye umbo lilelile. Vitufe vya mtindo wa Marekani huingia kwenye tundu la milimita 28.6, vya Japani 30, na vile vidogo vya kuanzia 24. Toboa kipande cha taka kwanza ujaribu. Kwa vitufe vyenye shingo fupi, MDF ya milimita 18 ni nene mno na nati haitashika; chonga upande wa chini ibaki milimita 3 hadi 4 pale penye vitufe, au tumia bati lililoegemezwa kwa mbao.

Gemu za vichochoro kama Pac-Man zinataka joistiki ya njia 4. Ya njia 8 ikiwekwa hapo, kona hukataa, kwa kuwa mkono ukienda mshazari swichi mbili hujibu kwa mara moja na gemu haijui ifuate ipi. Joistiki nyingi zina kibati cha chini kinachogeuzwa kuchagua 4 au 8.

Swichi huwa na miguu mitatu: wa pamoja, unaofunga ukibonyeza, na unaofungua ukibonyeza. Tumia wa pamoja na ule unaofunga. Waya mmoja wa graundi urukie kutoka swichi hadi swichi kwenye mguu wa pamoja, na mwisho wake urudi kwenye graundi ili kuwe na njia mbili. Waya wa ishara uende kwenye pini yake. Na kumbuka joistiki ni mtaimbo: ukisukuma juu, swichi inayobonyezwa ni ya upande wa chini. Kosa hili ni la kawaida mno, na dawa yake ni kuhamisha vidole viwili tu.

Kuwasha mara ya kwanza

Bodi ikiwa bado nje, weka multimita kwenye mlio na ugusishe pini moja moja dhidi ya graundi huku ukibonyeza kitufe chake. Ilie ukibonyeza, inyamaze ukiachia. Kisha hakikisha +5 haisomi mkato dhidi ya graundi.

Safisha vidole vya shaba vya ukingoni mwa bodi kwa ufutio na spiriti, viache vikauke, chomeka, washa. Pima +5 juu ya bodi yenyewe, kwenye miguu ya umeme ya chipu iliyo mbali na kiunganishi. Lenga 5.0 hadi 5.05, chini ya 4.75 chipu hazina dhamana, juu ya 5.25 unazichoma. Ukilazimika kupandisha pawasapulai hadi 5.4 ili bodi ipate 5.0, usiridhike: waya ni mwembamba au vidole ni vichafu.

Bonyeza swichi ya jaribio. Bodi nyingi zitaonyesha hali ya kumbukumbu, kila kitufe unapokibonyeza, na gridi ya kupangia picha. Panga upana, urefu na mwanga kwa gridi hiyo, si kwa macho wakati gemu inacheza. Kama uliizungusha skrini na pembe zina doa la zambarau au kijani, ni usumaku. Ondoa kwa koili ya kuondolea sumaku. Acha mashine iwake saa kadhaa ukiwepo, na uguse kiunganishi kila baada ya muda: kikipata joto, zima urudi kwenye nyaya za +5.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Picha inabiringika au imechanika mshazari: ulandanishi haufiki kwenye P, au bodi hutoa ulandanishi wa wima na wa mlalo kwenye nyaya mbili wakati skrini inataka mmoja. Kama waya ni sahihi, geuza kirekebishi cha mlalo cha skrini taratibu.

Picha imepinduka kichwa chini: tafuta kwanza swichi ndogo ya kupindua picha kwenye bodi kabla ya kugusa koili za tyubu.

Rangi moja haipo: fuata waya wa 12, 13 au N. Rangi zikiwa zimekolea hadi kufifisha maumbo, punguza nguvu za rangi kwenye skrini. Televisheni haifai hapa bila kupunguza ishara, kwani bodi hutoa volti kadhaa mahali ambapo televisheni hutarajia 0.7.

Gemu inajianzisha upya kila baada ya sekunde chache: karibu kila mara ni +5 iliyo chini.

Vitufe vyote kuanzia mahali fulani vimekufa: waya wa graundi unaorukia swichi umekatika pale pa kwanza kisichojibu, na ncha yake ya mwisho haikurudishwa kwenye graundi.

Mashine inahesabu sarafu yenyewe, au inagoma ikidai hitilafu ya sarafu: swichi ya sarafu imeungwa kwenye mguu usio sahihi, au kijiwaya chake kimepinda na kinabana.

Sauti inavuma kila picha inapong'aa: tenganisha njia ya nyaya za spika na za skrini, na hakikisha graundi ya picha ya pini 14 inafika kwenye skrini yenyewe badala ya kuazima njia kupitia fremu.